Ukanda wa kunolea wembe: Mali ya kale isiyofaa kuazimana

WATU wanapofungua kasha la marehemu babu ili kugawana vilivyomo, vyombo vya kunyolea aghalabu huwa vya mwisho kuulizwa. Wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe huenda ukapata wa kuupokea kwa kuwa bado unang'aa. Lakini kipande cha ngozi kilicholala kando yake, chenye pete ya chuma upande mmoja na mshikio upande wa pili, hudhaniwa kuwa mkanda wa suruali uliokatika, nacho huishia jaani.

Kumbe kipande hicho ndicho kilichoufanya wembe huo udumu miaka mingi. Ni ukanda wa kunolea, na bila huo wembe wa kukunja hunyoa mara chache tu kabla ya kuanza kuvuta nywele na kuchuna ngozi.

Katika miaka ya karibuni, watu wa nchi mbalimbali wamerudia wembe wa aina hii. Wapo waliochoshwa na gharama ya nyembe za kutumia na kutupa, na wapo wasiopenda kuona taka za plastiki zikirundikana. Kwa mkazi wa pande za bara za Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, anayetaka kufanya vivyo hivyo, kuupata ukanda wa kale ni nusu ya safari tu. Maadui wawili humngojea: unyevu wa bahari unaoozesha ngozi, na damu ambayo ikishaingia katika ngozi haitoki. Adui wa kwanza hushindwa kwa matunzo. Wa pili hushindwa kwa njia moja pekee, nayo ni kuhakikisha kuwa ukanda unabaki kuwa wa mtu mmoja.

Kazi ya ukanda

Wengi hudhani kwamba ukanda huunoa wembe jinsi kinoo kinavyokinoa kisu. Sivyo. Kinoo hukwangua chuma hadi makali mapya yatokee. Ukanda wa ngozi isiyopakwa dawa yoyote hauondoi chuma kwa kiasi cha kuonekana. Kazi yake ni kuyanyoosha makali yaliyojipinda na kuyapangusa yawe safi kabla ya kunyoa.

Makali ya wembe ulionolewa vyema ni membamba kuliko elfu moja ya milimita, ilhali unywele wa binadamu una unene wa kati ya milimita 0.05 na 0.1. Kitu chembamba kiasi hicho hupinda kwa urahisi, hata kinapokata kitu laini kama ndevu.

Mnamo 2020, watafiti wa Massachusetts Institute of Technology nchini Marekani, wakiongozwa na Cem Tasan, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi kuhusu jambo hili. Walitumia hadubini yenye nguvu kutazama jinsi nywele zinavyoathiri chuma cha wembe. Waligundua kuwa unywele, ambao ni laini takriban mara 50 kuliko chuma hicho, unaweza kuyamegua makali iwapo utapinda wakati wa kukatwa na kuyagusa mahali palipo dhaifu. Nyembe walizochunguza ni zile za kutupwa, lakini funzo lake linamhusu pia mwenye wembe wa kukunja. Makali yaliyopinda hunyooshwa na ukanda, lakini yaliyomeguka hayana dawa ila kinoo. Ndiyo maana mwenye kuutumia ukanda kila anaponyoa huweza kukaa miezi kadhaa bila kukihitaji kinoo.

Ulivyotoweka

Pwani ya Kenya, kunyoa ni shughuli yenye heshima tangu jadi. Nywele za mtoto mchanga hunyolewa siku ya saba au ya arobaini kulingana na desturi ya familia, na kunyolewa kwa bwana harusi ni sehemu ya sherehe. Methali nazo zinathibitisha hayo. Anayeambiwa kuwa mwenzake akinyolewa yeye atie maji, hukumbushwa enzi ambapo nywele zililowanishwa ili wembe upite kwa urahisi, wala si enzi ya mashine ya umeme.

Nyembe za kukunja zilizosifika zaidi duniani zilitoka katika miji miwili, Sheffield nchini Uingereza na Solingen nchini Ujerumani. Kanda zilitengenezwa katika nchi nyingi. Huko London, mfanyabiashara George Packwood alijipatia umaarufu katika miaka ya 1790 kwa matangazo yake ya vinoleo vya nyembe, na mnamo 1796 akayakusanya matangazo hayo katika kijitabu. Baadaye mji wa Chicago ulikuwa na kampuni ya Illinois Razor Strop, ambayo kanda zake zingali zikitafutwa na wapenzi wa vitu vya kale.

Kuporomoka kwa biashara hiyo kulianza na Mmarekani King Camp Gillette, aliyepewa hataza ya wembe wa kubadilishwa mnamo 1904. Mwaka uliotangulia, kampuni yake ilikuwa imeuza vishikio 51 tu. Hata hivyo, serikali ya Marekani ilipowagawia wanajeshi wake nyembe hizo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mamilioni ya wanaume waliizoea tabia ya kutupa wembe uliokuwa butu badala ya kuunoa.

Nchini Kenya, pigo zito zaidi lilitokana na hofu ya ugonjwa. Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi alitambuliwa nchini mnamo 1984, na Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi akautangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Katika kampeni za miaka hiyo, wananchi walihimizwa wasishiriki wembe. Kinyozi aliyemfungulia kila mteja wembe mpya hakuwa tena na haja ya ukanda, na mashine ya umeme ikamaliza yaliyobaki.

Pa kuutafuta

Mahali pa kwanza pa kutafuta ni nyumbani. Changamwe, kwa mfano, ni makao ya miaka mingi ya wafanyakazi wa bandari, wa reli na wa kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofanya kazi kuanzia 1963 hadi 2013. Mzee aliyeanza kazi akiwa kijana wakati huo huenda alifundishwa kunyoa na baba aliyetumia wembe wa kukunja. Kumuuliza kwa adabu kabla ya kwenda sokoni hakugharimu chochote.

Mahali pa pili ni kwa vinyozi wakongwe, au warithi wao, ambao huenda wamehifadhi sanduku la vifaa visivyotumika tena. Ukanda wa namna hii unafaa kama pambo la ukutani na kumbukumbu ya kazi. Kuutumia kunyolea ni suala jingine, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Mahali pa tatu ni mitumbani. Katika soko la Kongowea, mikanda na mikoba ya ngozi iliyotumika huuzwa pamoja na nguo kutoka ng'ambo. Ukanda wa kunolea si kitu cha kukutana nacho kila siku, na unapotokea muuzaji mwenyewe huenda asiujue. Anayeutafuta hana budi kuzijua alama zake: hauna matundu wala bizimu, una upana wa takriban sentimita 5 hadi 7, na mara nyingi huwa ni vipande viwili vilivyounganishwa kwenye pete moja, kimoja cha ngozi na kingine cha kitani au turubai.

Zipo pia aina nyingine. Kuna ngozi iliyogundishwa juu ya ubao wenye mpini, na kuna ngozi iliyozungushiwa fremu yenye skrubu ya kuikaza. Aina hizi mbili humfaa anayejifunza kwa sababu ngozi hailegei ovyo wakati wa kunoa.

Kuukagua kabla ya kulipa

Jambo la kwanza ni kuukunja ukanda polepole. Ngozi iliyokauka tu hukunjika kwa ugumu lakini haipasuki, na hiyo inaweza kufufuliwa. Ikitoa nyufa zenye kina, haifai tena.

Jambo la pili ni kuusugua kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na unga mwekundu kama vumbi la tofali, ngozi imeoza kutokana na asidi iliyojikusanya ndani yake kwa miaka mingi. Uozo huo hauponyeki, na mafuta hayausaidii.

Jambo la tatu ni kutafuta mikato. Mikwaruzo midogo ya kingoni huondolewa kwa msasa. Mkato ulio katikati, unaonasa ukucha unapopitishwa, utaharibu makali ya wembe kila utakapopita juu yake.

Mnunuzi asidanganywe na maandishi. Kanda nyingi za kale zina chapa inayotaja Urusi, pamoja na mistari midogo iliyokatana. Ngozi halisi ya Kirusi ilisifika kwa kutengenezwa kwa magome ya miti na kupakwa mafuta ya mti wa betula, lakini chapa hiyo iliigwa na watengenezaji wengi waliotumia ngozi ya kawaida ya ng'ombe. Ngozi ya farasi, hasa ile ya nyonga, ndiyo iliyopendwa zaidi kwa kuwa ni laini na imeshikana.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika maeneo haya, kuna jambo la ziada la kuchunguza. Baadhi ya kanda zilitengenezwa kwa ngozi ya nguruwe, na nyingi za brashi za kale za kupakia sabuni ni za nywele za mnyama huyo. Ngozi ya nguruwe hutambulika kwa vitundu vyake, ambavyo hujipanga vitatu vitatu.

Atakayekosa ukanda wa kale anaweza kumtafuta fundi amkatie mpya. Mafundi wa ngozi hawajakosekana upande wa Kisauni. Karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa mnamo 1969 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, zimejulikana kwa kazi za mikono, zikiwemo za ngozi. Muhimu ni kuomba ngozi iliyotengenezwa kwa dawa ya magome ya miti kama vile miwati. Ngozi ya kromu, ambayo hutumiwa sana kwa sehemu ya juu ya viatu, hunyumbuka mno, na mara nyingi ukiikata utaona ndani yake rangi ya kijivu au samawati.

Kuufufua

Ukanda uliokauka husafishwa kwa sabuni ya ngozi, ile inayotumiwa kwa matandiko ya farasi. Povu jingi na maji kidogo ndiyo kanuni. Ngozi ikiloa kupita kiasi, itajikunja inapokauka. Baada ya kupanguswa, hulazwa juu ya ubao na kusuguliwa kwa upande wa chupa ya kioo, kwa mwelekeo mmoja, hadi uso wake uwe laini.

Kama bado kuna mikwaruzo, msasa laini wa nambari 400 na kisha 600 hutosha. Ukanda huachwa ukauke kivulini. Kuuanika juani ili ukauke haraka ni kuuua. Ukishakauka, hupakwa matone machache ya mafuta ya kwato za ng'ombe, kisha husuguliwa kwa kiganja kikavu siku hadi siku. Mafuta mengi, yawe ya nazi au ya aina nyingine, huilegeza ngozi na kuifanya ishike vumbi. Kipande cha kitani hufuliwa kwa sabuni ya kawaida na kukaushwa kikiwa kimevutwa.

Baada ya hapo huanza vita na unyevu. Mjini Mombasa kiwango cha unyevu hewani huzidi asilimia 70 karibu mwaka mzima, na kiasi hicho kinatosha kuotesha ukungu juu ya ngozi. Hali huwa mbaya zaidi wakati wa mvua za masika, kati ya Aprili na Juni. Ukanda usifungiwe kabatini wala kwenye mfuko wa plastiki, na usitundikwe bafuni. Mahali pake ni chumbani, kwenye msumari ulio mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite pande zote mbili. Ukungu ukianza kuonekana, hupanguswa nje ya nyumba kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo kwa spiriti, kisha ngozi huachwa ikauke na kupakwa mafuta upya.

Wembe nao haujasalimika. Nyembe nyingi za kale ni za chuma kinachoshika kutu upesi, na hewa ya chumvi ya Likoni au Nyali huharakisha jambo hilo. Tone la mafuta ya cherehani baada ya kuupangusa hutosha kuulinda hadi siku ya kunyoa tena.

Kuutumia

Ukanda hutundikwa kwenye kulabu imara na kuvutwa kwa mkono mmoja hadi unyooke barabara. Ukilegea, ngozi itayazunguka makali na kuyafanya butu, na hili ndilo kosa la kawaida zaidi kwa anayeanza.

Wembe hulazwa bapa, mgongo wake na makali yake yakiigusa ngozi kwa pamoja. Husukumwa mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho, hupinduliwa kwa kuuzungusha juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali, kisha hurudishwa vivyo hivyo. Asiyezingatia jambo hili atayaua makali na kuukata ukanda kwa mpigo mmoja.

Kukandamiza hakuhitajiki kwa kuwa uzito wa wembe wenyewe unatosha. Kwa desturi huanzwa na kitani kwa mizunguko 20 hivi, kisha ngozi kwa mizunguko 40 hadi 60. Kasi si muhimu, na kinyozi aliyekuwa akipiga ukanda kwa mbwembwe mbele ya wateja alikuwa na uzoefu wa miaka mingi mkononi. Kwa kuwa wembe una urefu wa takriban sentimita 7.5, nao ukanda wa kale mara nyingi ni mwembamba kuliko hivyo, wembe hupitishwa kwa mshazari ili makali yote yaguse ngozi kuanzia shinani hadi nchani.

Kazi hii hufanywa kabla ya kunyoa, wembe ukiwa mkavu na safi kabisa. Wembe wenye maji, sabuni au nywele hauruhusiwi kugusa ngozi.

Damu haifutiki

Hapa ndipo penye hatari ambayo hakuna chapa ya kale inayoweza kuifidia. Wembe wa kukunja hukata, hata mikononi mwa mahiri. Damu chache zisizoonekana kwa macho hubaki kwenye chuma, na wembe huo ukipitishwa kwenye ukanda, huingia katika vinyweleo vya ngozi na katika nyuzi za kitani.

Wembe unaweza kuoshwa na kutiwa dawa ya kuua viini. Ukanda hauwezi. Ukichemshwa huharibika, ukitiwa jiki huungua, na spiriti iliyopanguswa juu haiwezi kutegemewa kuua viini vilivyojificha ndani. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa muda usiopungua siku 7, na wengi walio na virusi hivyo hawana dalili yoyote. Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo dhidi ya homa hiyo mnamo 2001. Waliozaliwa kabla ya hapo, ambao leo ndio akina baba na babu wanaonyoa ndevu, hawakuipata utotoni kupitia mpango huo.

Kwa sababu hiyo, ukanda wa kunolea hauna nafasi tena katika kibanda cha kinyozi anayehudumia wateja, uwe Mtongwe, Mtopanga au Chaani. Kinyozi anayetaka kunyoa kwa mtindo wa zamani anaweza kutumia mpini wa kukunja unaowekwa wembe mpya kwa kila mteja, na mteja ana haki ya kuuona ukifunguliwa mbele yake. Mahujaji pia hushauriwa vivyo hivyo wanapokwenda kunyolewa huko Makka, kwani kunyolewa kwa wembe uliokwisha kutumiwa na mwingine ni hatari inayojulikana wakati wa hija.

Nyumbani nako sharti ni lilo hilo. Baba na mwana wasitumie ukanda mmoja, hata kama wanatumia nyembe tofauti, maana ngozi hiyo ndiyo itakayozikutanisha. Mwenye kujikata auoshe wembe wake, aupanguse kwa spiriti na kuukausha kabla ya kuurudisha kwenye ukanda.

Je, vipi kuhusu ule uliopatikana katika kasha la marehemu, au mitumbani, ambao historia yake haijulikani? Ngozi iliyokaa bila kutumiwa kwa miaka mingi si sawa na iliyopanguswa damu jana, lakini ukanda uliotoka kwa kinyozi au ulio na madoa yasiyoeleweka ni bora utundikwe ukutani kama pambo. Kitani cha kale kibadilishwe kwa kipya. Anayetaka kuvitumia vyombo hivi bila wasiwasi anaweza pia kumwona daktari kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo kwa watu wazima kwa kawaida hutolewa kwa awamu tatu.

Ukanda uliotunzwa hivyo utadumu kuliko mwenyewe, nao unaweza kurithiwa. Ila mrithi ayapokee masharti yake pamoja nao: autundike penye hewa, aupake mafuta kidogo, na asimwazime mtu, hata ndugu yake wa tumbo moja.